Harad Haimo Kwenye Ramani: Meza Yetu na Vyanzo Dhaifu

Ukifungua ramani ya The Lord of the Rings, riwaya ya J.R.R. Tolkien, jicho linakwenda kaskazini lenyewe. Huko kila kijito kina jina, kila kilima kina magofu, na kila gofu lina mfalme wake aliyezikwa chini. Shuka kusini sasa. Pita ufalme wa Gondor, vuka mto Poros, vuka Harnen, majina yanaanza kuadimika. Unaikuta Umbar pembeni mwa bahari, unakuta neno Harad, kisha karatasi inaisha. Watu wa huko chini wanatokea kwenye hadithi kwa shughuli moja tu, nayo ni kupanda kaskazini kuja kupigana na kufa.

Meza yetu hapa Dar es Salaam inacheza huko huko, karatasi inapoishia, na mimi ndiye mwendeshaji. Kwa asiyewahi kucheza: hakuna skrini. Watu wanakaa, kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi, mwendeshaji anaeleza kinachotokea, wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini, na penye shaka dadu zinarushwa. Wahusika wetu ni watu wa Umbar na Harad. Mwaka ni 2979 wa Enzi ya Tatu, mwaka mmoja kabla ya mgeni mmoja kuja usiku na kuchoma meli. Nitamfikia.

Shida ya kuchezea mahali hapo ni kwamba lazima upajaze, na Tolkien hakuacha vya kujazia. Nimekusanya alichoacha. Kuna tembo wakubwa wanaoitwa mûmakil. Kuna nguo nyekundu na dhahabu. Kuna wana wa Castamir, waliokimbia Gondor baada ya vita vya kugombea kiti na kuishika Umbar mwaka 1448. Kuna Aragorn, shujaa atakayekuja kuwa mfalme, anayesema tu kwamba amefika hadi Harad, ambako nyota ni ngeni. Mwisho kabisa kuna sentensi inayosema mfalme mpya alifanya amani na watu wa Harad. Ukiweka yote pamoja, karatasi hazitoshi kufungia maandazi ya asubuhi moja.

Kwa hiyo unatafuta kwingine, na hapo ndipo ugomvi unapoanza, kwa sababu hicho cha kwingine si kanoni. Kanoni kwa wapenzi wa mambo haya ni yale yanayohesabika kuwa yametokea kweli ndani ya ulimwengu huo. Mengine yote ni maneno ya watu.

Hayo maneno ya watu yana historia, na nusu yake ni ya wanasheria. Mwaka 1969 Tolkien aliuza haki za filamu na bidhaa za The Hobbit na The Lord of the Rings kwa United Artists. Mwaka 1976 zikahamia kwa Saul Zaentz. The Silmarillion ilitoka 1977, miaka minne baada ya mwandishi kufariki, na haki zake zikabaki kwa familia. Tangu hapo mwenye leseni ya kutengeneza mchezo amekuwa akisimama juu ya vitabu viwili, na kilichomo humo kuhusu Kusini nimeshakueleza. Kampuni ya Marekani iitwayo Iron Crown Enterprises ilianza mwaka 1982 kutoa vitabu vya nchi moja moja za Middle-earth, ulimwengu huo wa Tolkien, na mwaka 1984 ikatoa mchezo wenyewe, ambao wachezaji wanauita MERP. Leseni waliishika hadi 1999. Kwa miaka yote hiyo walikuwa na deni la kujaza ramani, wakajaza: kitabu cha Umbar 1982, cha Far Harad 1988, cha Greater Harad 1990. Miji, koo, njia za misafara, bei za ngamia. Hakuna hata kimoja ambacho Tolkien angekisoma, maana alikuwa kaburini.

Nakala ya kwanza mezani kwetu aliileta kaka mmoja aliyekuwa masomoni Uingereza. Aliinunua imetumika, jalada limelegea, pembezoni mwa kurasa kuna maandishi ya penseli ya mchezaji wa zamani asiyejulikana. Tuliigombania kama watoto.

Halafu mwalimu akatia mguu chini. Ni dada wa meza yetu anayefundisha fizikia sekondari, na ndiye anayemjua Tolkien kutuzidi wote. Akasema, kama Tolkien hakuandika, halikutokea, na kama tunataka kucheza ya kubuni basi tubuni ulimwengu wetu tumwache mzee wa watu apumzike.

Wakala wetu wa forodha, mtu wa bandarini, mdomo haujawahi kumkaa kimya, akamjibu: "Kwa hiyo dada, watu wa Harad wamekaa na njaa miaka elfu tatu wakimsubiri Tolkien aandike kwamba wamekula?"

"Wamekula. Ila hujui wamekula nini."

"Basi mimi nawapikia."

Ukageuka mjadala wa jioni nzima. Mwingine akaleta habari za Fumo Liyongo: nenda Kipini, nenda Pate, kila mji una lake la kusema, na hakuna anayekataa kuimba eti kwa sababu mji wa pili unaimba vingine. Mwalimu akasema Liyongo hana mwandishi mmoja, Middle-earth inaye. Alikuwa na hoja, na ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wake. Ulimwengu wa mtu mmoja una mkono mmoja, na mkono huo unausikia. Ukitia jina lililotungwa ovyo katikati ya majina ya Tolkien, ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa lugha, hata asiyejua lugha hizo anahisi kuna kitu kimegonga pembe.

Aliyetutoa hapo ni dada mwingine, aliyesoma chuo kwa maalim mpaka akafika kwenye elimu ya hadithi za Mtume. Akaomba radhi kwanza, kwamba hafananishi vitu viwili visivyofanana, anaazima utaratibu tu. Habari, alisema, haikubaliwi kwa kupendeza wala haikataliwi kwa kuudhi. Unauliza: nani amekuambia, yeye ameambiwa na nani, na katika mnyororo huo nani ana mashaka. Baada ya hapo ndipo unaipa daraja. Kuna sahihi, kuna hasan, kuna dhaifu, kuna ya kuzushwa. Na dhaifu haitupwi jalalani. Wanazuoni wengi wameiruhusu katika mambo ya fadhila, ya kumtia mtu moyo na kumlainisha, ila hutoi nayo hukumu ya halali na haramu.

Meza nzima ilinyamaza, hata wa forodha.

Ndivyo tunavyocheza mpaka leo. Alichochapisha Tolkien akiwa hai ni sahihi. Alichokusanya mwanawe Christopher kutoka kwenye makaratasi ya baba yake, kuanzia The Silmarillion ya 1977 hadi juzuu ya mwisho kati ya kumi na mbili za historia ya Middle-earth mwaka 1996, ni hasan: mpokezi mwaminifu, lakini karatasi zenyewe zinapingana. Vitabu vya michezo vyenye leseni ni dhaifu. Filamu nazo dhaifu, wakala wa forodha apende asipende. Cha dhaifu kinaruhusiwa kutupa chakula, nguo, majina ya mitaa, nyimbo, uvumi wa sokoni na matusi. Hakiruhusiwi kuamua nani anakufa, nani ni mfalme, wala sheria za ulimwengu zinakwendaje.

Mfano mzuri ni Mizuka Tisa, wale Nazgûl, wanadamu walionaswa kwa pete wakawa watumwa wa Sauron, bwana wa giza. Tolkien alimpa jina mmoja tu, Khamûl, na kiongozi wao tunamjua kwa cheo, Mfalme-Mchawi wa Angmar. Saba waliobaki hawana hata herufi. Iron Crown wakawapa wote majina na wasifu: Dwar wa Waw, Ji Indûr, Akhôrahil, Hoarmurath wa Dír, Ren, Ûvatha, na Adûnaphel, ambaye wakamfanya mwanamke. Mfalme-Mchawi mwenyewe wakamwita Mûrazôr. Mwaka 1995 majina hayo yakaingia hata kwenye mchezo wao wa karata, na kuna watu leo watakuapia kwamba ni ya Tolkien.

Mimi Adûnaphel nampenda. Mezani kwetu, hata hivyo, hajawahi kuonekana, maana kumleta akasimama mbele ya wahusika na kutoa amri ni kutoa hukumu kwa habari dhaifu. Alichopewa ni ujira wa uvumi. Wanawake wa mtaa wa wafua shaba Umbar wanalitumia jina lake kuwatishia watoto wasiotaka kulala. Mabaharia wanasema kuna mwanamke aliyepewa pete na bado analipa. Je, ni kweli? Hakuna mtu Umbar anayejua, na mimi sijawaambia wachezaji. Jina limefanya kazi zaidi hivyo kuliko kama ningelipa takwimu za vita na farasi mweusi.

Wachezaji nao walileta vyanzo vyao, visivyo na leseni ya mtu. Mmoja babu yake alikuwa fundi wa majahazi Kilwa. Mhusika wake ni fundi kalafati kwenye gati za Umbar, na kwa habari za kalafati hatuhitaji kitabu cha Wamarekani. Anajua pamba inavyoloweshwa mafuta na kupigiliwa katikati ya mbao, anajua deheni inavyonuka shahamu inapopikwa na chokaa, anajua chombo lazima kipwelekwe kwanza ndipo umfikie mgonjwa chini. Tolkien hakuandika kwamba meli za Umbar zinapakwa deheni. Hakuandika pia kwamba hazipakwi.

Hapo ilibidi niweke breki lakini. Mtu alitaka Umbar iwe Lamu: baraza, kofia za vito, halwa, maulidi. Nilikataa, na si kwa ajili ya Tolkien. Umbar ilijengwa na Wanúmenor, watu waliokuja kwa meli kutoka kisiwa cha mbali, mwanzo kama wageni na walimu, baadaye kama mabwana wa kutoza kodi kwa watu wa pwani. Hayo ni ya mwandishi mwenyewe. Mtu wa Mombasa anayesikia habari za ngome ya wageni juu ya bandari ya wenyeji hahitaji kuelezwa zaidi, na ngome anayoiwaza hakuijenga mwenyeji. Ukiifanya Umbar kuwa Lamu umewapa waliotoza sura ya waliotozwa. Kwa hiyo mjini tuna mitaa ya juu ya wazao wa Númenor, ambao wanajisifia damu yao wakati wa chakula, na mitaa ya chini ya Haradrim, yaani watu wa Harad, ambao ndio wanaofanya kazi. Deheni inapikwa mitaa ya chini.

Nadhani nimeshasema vya kutosha kuhusu dhaifu. Taabu kubwa ilitoka kwenye sahihi.

Katika vita vya Pelennor, kwenye kitabu chenyewe, kilichochapishwa mwandishi akiwa hai, daraja la juu kabisa, wanatajwa watu weusi kutoka Far Harad wanaofanana na nusu-mazimwi, wenye macho meupe na ndimi nyekundu. Wafuasi wa Tolkien huwa na maelezo mengi kuhusu sentensi hii na nimeyasoma. Sitayarudia. Meza yenye watu wa rangi yetu inaifikia sentensi hiyo na inabidi iamue jambo, kwa sababu mmoja wa wahusika wetu anatoka huko huko Far Harad, na mwenye mhusika aliuliza kwa upole kabisa, "Bwana mwendeshaji, mimi ni nusu zimwi au si nusu zimwi?"

Kwa utaratibu wetu wenyewe, sahihi ndiyo inayohukumu. Mwalimu wa fizikia, niliyemtegemea aitetee sentensi, ndiye aliyeipeleka mahakamani. Akasema tumekuwa tukiuliza mnyororo wa habari dhaifu na tukasahau kuuliza wa sahihi. Tolkien hakujiita mtunzi. Ndani ya kitabu amedai anatafsiri tu, na amesema anatafsiri nini: Kitabu Chekundu cha Westmarch, kilichoanzwa na Bilbo, kikaendelezwa na Frodo, kikakamilishwa na Sam, wote hobiti, watu wafupi wa kaskazini. Nakala muhimu ilipelekwa Gondor, ikaongezewa maelezo na kusahihishwa huko Minas Tirith, mji mkuu, na iliyotufikia ilinakiliwa na Findegil, mwandishi wa Mfalme, akaimaliza mwaka 172 wa Enzi ya Nne. Hebu mfuate huyo mpokezi. Frodo na Sam hawakuwepo Pelennor, walikuwa Mordor, nchi ya Sauron. Hobiti wenzao wawili ndio waliokuwa karibu: Pippin alikuwa ndani ya mji. Merry alikuwa uwanjani, lakini yaliyompata mbele ya Mfalme-Mchawi hayakumwachia nafasi ya kukagua ndimi za watu. Habari hiyo imetoka kwa askari wa Gondor aliyemwona adui akimjia, ikapita kwa hobiti, ikahaririwa na karani wa mfalme aliyeshinda vita.

"Kwa hiyo si uongo," alisema. "Ni ushahidi wa upande mmoja. Aliona watu, akaogopa, akaandika zimwi."

Hukumu ikapita bila kupingwa. Nimeisikia michezo mingine ikilimaliza jambo hilo kwa kulifuta kimya kimya, na siwalaumu, lakini kwetu sentensi ipo. Wahusika wetu wameshakutana na nahodha mmoja wa Gondor aliyekamatwa, na ndivyo alivyokuwa akiwaeleza, akiamini kila neno, huku akinywa maji waliyompa.

Na Kitabu Chekundu hicho hicho kina shahidi mwingine. Huko Ithilien, watu wa Faramir, nahodha wa Gondor, wanawavizia Haradrim, na mmoja anaanguka karibu na Sam, mshale umemwingia shingoni, nywele zake nyeusi zimesukwa kwa dhahabu. Sam anajiuliza jina lake nani, ametoka wapi, kama kweli alikuwa na moyo mbaya, au ni uongo gani na vitisho gani vilivyomtoa nyumbani safari ndefu namna ile. Sam, mtunza bustani, anauliza maswali ambayo waandishi wa mfalme hawakuyauliza. Mwalimu aliongezea lake: nani alimsuka?

Ndiyo maana mhusika wake ni msusi. Ana kibanda karibu na soko la samaki Umbar, anasuka wanaume wanaokwenda vitani kwa sababu kwao ndiyo desturi (dhaifu, tumeitunga sisi), na kila anayesukwa anazungumza. Hakuna mpelelezi Umbar anayemzidi kwa habari. Mhusika mzima ametoka kwenye maneno machache ya sahihi, na kila kilichomzunguka ni cha kubuni. Mwalimu huyo huyo wa "kama hakuandika halikutokea". Sijamkumbusha, ingawa wa forodha humkumbusha kila wiki.

Sasa yule mgeni. Nyongeza za kitabu zinasema kulikuwa na nahodha wa Gondor aliyejiita Thorongil, kwa kweli Aragorn akiwa amejificha, aliyekuja Umbar usiku na merikebu chache, akachoma sehemu kubwa ya meli za maharamia, akamuua mkuu wa bandari kwa mkono wake pale gatini, akaondoka na hasara ndogo. Wachezaji wote wanamjua. Wahusika wao hawamjui. Habari ni sahihi, hakuna dadu itakayoibadilisha: meli zitaungua na mkuu wa bandari atakufa. Nilikuwa na wasiwasi kwamba kikao kitakuwa kama kuangalia filamu uliyoiona.

Fundi kalafati akaniuliza swali la kwanza: "Maji yanajaa au yanapwa?"

Tolkien hajasema. Iron Crown sijaona waliposema. Nikamwambia achague yeye, kwa sababu ndiye fundi. Akafikiri. Mgeni anakuja usiku, lazima aingie na maji yanayojaa, la sivyo atakwama. Ili atoke salama lazima asikawie, maji yakianza kupwa naye aende nayo. Maana yake meli za gatini zinaelea wakati anafika, na mtu akiwahi kukata kamba zinaweza kutolewa nje. Lakini zile zilizopwelekwa kwa ajili ya kupakwa deheni ziko juu kabisa ya ufukwe, kavu, zimepakwa mafuta na shahamu mchana huo huo. Hizo zitawaka kama kibiriti. Alizipaka yeye.

Kikao kikageuka hapo. Hakuna aliyemkimbilia Thorongil. Msusi alikimbilia ghalani walikofungiwa wapiga makasia, watumwa, ambao hakuna kitabu kilichowataja usiku ule. Fundi alibaki akikata kamba za meli ya kwanza, ya pili, dadu zikamkataa kwenye ya tatu. Wa forodha, ambaye mhusika wake ni karani wa ushuru, alirudi ofisini kuokoa madaftari, na tulimcheka mpaka alipotueleza kwamba ndani ya madaftari ndimo yalimoandikwa madeni ya mtaa mzima, na anakwenda kuhakikisha yanaungua. Kwa mbali, upande wa gati kuu, waliona mtu mrefu akipigana na mkuu wa bandari mbele ya moto. Nilieleza kwa sentensi mbili. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Yapo pia niliyoyakataa. Mwaka 1983 Iron Crown walitoa Court of Ardor, kitabu cha nchi za kusini kabisa, na ukikionyesha kwa mpenzi wa Tolkien aliyekomaa anashika kichwa. Ndani yake kuna baraza la siri la Waelfi walioasi, kila mmoja na cheo chake kama karata za kubashiria, wakiendesha mambo nyuma ya pazia. Wengi hukikataa kwa sababu hakifanani na Tolkien. Mimi hilo peke yake lisingenizuia. Kinachonikera ni kwamba mtu kapewa bara zima tupu, la kuweka watu wowote anaowataka, na jambo la kwanza alilofanya ni kutafuta mabwana weupe wasiokufa wa kulitawala kwa siri. Hata kilicho dhaifu kina haki ya kuulizwa kinamtumikia nani.

Mchezo wa kompyuta Shadow of War wa mwaka 2017 nao uliletwa mezani, ukiwa na Isildur aliyegeuzwa Nazgûl na yule buibui Shelob akijigeuza mwanamke wa gauni jeusi. Ule tuliupa daraja ya kuzushwa kwa kura zote, wa forodha akiwemo. Kwa The Lord of the Rings Online tulikuwa wapole zaidi. Mchezo huo wa mtandaoni ulioanza 2007 uliifikia Umbar mwaka 2023, na vijana wakanitumia picha za bandari yake kwenye WhatsApp. Nikachukua mwanga wake wa jioni na basi.

Kanuni za mchezo wenyewe nazo ni chanzo, jambo ambalo watu hulisahau. Tunatumia The One Ring, toleo la pili, la kampuni ya Sweden iitwayo Free League. Kitabu kikuu kinakupa tamaduni sita za kuchagulia mhusika, zote za kaskazini: hobiti, mtu wa Bree, kibeti wa ukoo wa Durin na wenzao. Mharadi hayumo, tulimtengeneza sisi. Halafu kuna dadu yake ya pande kumi na mbili, ambayo upande mmoja una alama ya Gandalf, mchawi mwema wa hadithi hizi, inayokupa ushindi moja kwa moja, na upande mwingine una Jicho la Sauron. Msusi wa Umbar, ambaye watu wa Gondor anaowajua ni mateka mmoja na yule aliyekuja kuwachomea meli, anabahatika kwa baraka za Gandalf? Gandalf mwenyewe alisema Kusini aliitwa Incánus, kwa hiyo mtu anaweza kubana hoja ikapita. Wachezaji hawakutaka kubana. Dadu imebaki ile ile, na kila mmoja amesema alama ile kwa mhusika wake ni nini. Kwa fundi ni upepo wa kusi. Msusi hajasema, anasema si kazi yetu kujua.

Jicho lakini hawakuligusa. Sauron wanamwogopa kama watu wa kaskazini wanavyomwogopa, tena wao ndio wanaomlipa kodi.

Sasa hivi tunabishana kuhusu Istari wawili wa Buluu, wachawi wenzake Gandalf waliokwenda Mashariki na hawakurudi. Hapa wapokezi wote ni Tolkien na bado wanagombana. Barua yake ya mwaka 1958 inasema anahofu walishindwa, wakaacha nyuma yao madhehebu ya siri ya uchawi. Makaratasi yaliyotolewa 1980 yanawaita Alatar na Pallando. Makaratasi ya mwishoni mwa maisha yake, yaliyotoka 1996, yanawapa majina mengine, Morinehtar na Rómestámo, na yanasema walifaulu, kwamba bila wao majeshi ya Mashariki yangewazidi watu wa Magharibi kwa idadi. Hasan dhidi ya hasan. Sikuchagua. Kijiji kimoja cha jangwani kinawaombea wazee wawili waliokuja na kuwafundisha kukataa, kijiji cha pili siku tatu mbele kinatema mate chini wakitajwa, na wachezaji wako katikati na ngamia wanne na maji ya kubahatisha.

Baada ya hapo kuna hoja ya kuruka miaka. Vita vya Pete ni 3019, na msusi ana mjukuu. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeleta pendekezo: kijana asukwe kwa dhahabu, apande kaskazini na jeshi, apite Ithilien. Na mshale ule, alisema, usirushiwe dadu, kwa sababu ni sahihi.

Wa forodha amekataa. Anasema andiko linathibitisha kwamba kuna mtu alikufa pale na nywele zimesukwa, halithibitishi kwamba ni kijana wetu, na bibi yake amesuka vichwa vya nusu ya Umbar. Anataka dadu. Dada wa chuo amesema wote wawili wana hoja na ameomba muda wa kufikiri. Tunapiga kura Jumamosi, na kama zikilingana itabidi niamue mimi, jambo ambalo silitaki hata kidogo.